Mbavu Sita, Nyumba Mbili na Kisu cha Mseti

Wakazi wote wa Nyambureti, ndugu zetu wa Ringwani, na ninyi mlioko Mugumu kwa ajili ya hospitali, soko au kesi za mipaka, mnatangaziwa kwa masikitiko makubwa kwamba Mseti Waitara, umri miaka hamsini na nne, mume wa Elieth na baba wa watoto watano, amevuliwa kisu. Hakuiba nyama. Hakulewa kazini. Hakumpa mjomba wa mtu shingo mahali pa paja. Kosa lake ni kwamba siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, akiwa na akili zake timamu na chaji asilimia sitini, aliandika namba 9 kwenye kundi la WhatsApp. Wenye kofia wavue.

Msiomjua mtauliza, kisu gani? Huku kwetu mtu akichinja ng'ombe kwa shughuli, kazi ya kuua ni ya yeyote mwenye mikono. Kazi ya kugawa si ya yeyote. Wajomba wanajua paja lao, wazee wanajua kidari chao, akina mama wanaopika wanajua utumbo wao, na kila mmoja anajua vizuri zaidi cha mwenzake. Ukikosea ubavu mmoja, harusi inageuka kuwa kikao, na kikao kinageuka kuwa fimbo.

Ndivyo Mseti alivyopata kazi. Miaka ishirini na mbili iliyopita, kwenye harusi moja, wajomba wawili waligombania ini hadi mmoja akavunja kiti ili apate mguu wa kupigania. Mseti, kijana mwenye shati la kuazima, alichukua kisu akalikata lile ini vipande kumi na vinne. Wajomba wakaacha ngumi, wakaangalia cha huyu, wakaangalia cha yule, wakatafuta pa kulalamikia, wakapakosa. Pakawa kimya. Kimya kile ndicho kilichomwajiri.

Tangu hapo hajawahi kutumia mizani. Mizani kwake ni tusi. Akifika kwenye shughuli huzunguka boma mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayetafuta choo kwa aibu. Anahesabu. Hahesabu vichwa, maana vichwa vinatembea. Anahesabu nyumba, halafu anaangalia kila nyumba ina nani na nani ndani yake, anazidisha kichwani, ndipo anagawa. "Nyumba kwanza," husema. "Ukianza na watu utalia." Malipo yake ni kitu kimoja tu: kipande cha kisu. Ni kipande cha nundu, chenye mafuta, ukubwa wa kiganja, ambacho mgawaji hukata mwisho kabisa na kukichoma pale pale. Hakuna anayekiomba wala kukihoji.

Kipande hicho Mseti hakukila peke yake. Alikikata katikati, nusu yake, nusu ya Makoye.

Makoye ni Msukuma aliyekuja upande wa Tarime kuchimba dhahabu. Alichimba miaka minne akapata kikohozi. Akateremka Nyambureti na baiskeli na suruali mbili, moja akiwa ameivaa. Mseti alimwonyesha pa kujenga, akamtafutia jembe, kisha akamfundisha kisu. Kwa miaka kumi na moja Makoye alishika mguu Mseti akikata, akawa anaitwa "mkono wa pili wa Mseti", na yeye mwenyewe akamwita Mseti kaka. Wake zao hawajawahi kuonja kipande cha kisu. Makoye alikula nusu yake kila mara.

Sasa tuje kwenye Jumatatu.

Kundi lenyewe linaitwa MISIBA NA SHEREHE, watu mia moja themanini na saba, na kazi yake ni kama jina lilivyo. Siku hiyo hapakuwa na msiba wala sherehe. Beatrice, anayesajili laini za simu Mugumu, akaona ukimya umezidi, akatuma hii:

6 ÷ 2(1+2) = ?

Chini yake akaandika: WENYE AKILI TU. ASILIMIA 90 WANAKOSA.

Mseti alikuwa amekaa juu ya ndoo akisubiri uji upoe. Alijibu kabla uji haujapoa. Aliandika "9", kisha, kwa sababu mtu akijua hatosheki na kujua, akaandika na njia: "MAGAZIJUTO. Mabano kwanza, 1+2=3. Gawanya, 6÷2=3. Zidisha, 3×3=9. Tulifundishwa darasa la tano." Akaweka simu mfukoni, akanywa uji wake kwa amani. Ilikuwa amani yake ya mwisho mwaka huo.

Alipoitoa tena palikuwa na ujumbe sitini na tatu. Juu kabisa, kama jogoo juu ya paa, palikuwa na sauti ya Makoye, dakika moja na sekunde kumi.

"Ndugu zangu, habari za asubuhi. Mimi namheshimu sana kaka yangu Mseti. Lakini hesabu haina heshima. Tuchukue mbavu sita. Tuna nyumba mbili. Kila nyumba ina mama mmoja na watoto wawili. Haya, kila mtu anapata mbavu ngapi? Nyumba mbili mara watu watatu, watu sita. Mbavu sita kwa watu sita, ubavu mmoja. Jibu ni moja. Sasa kaka anasema tisa! Mbavu sita zinagawanywa, kila mtu anapata tisa! Huyo ng'ombe ni wa wapi, tukamnunue?"

Halafu akacheka. Sekunde kumi zote za mwisho zilikuwa kicheko, na Mseti alikijua kicheko hicho. Alikuwa amekisikia mara nyingi kando ya moto, mafuta yakitiririka kidevuni.

Zile nyumba alizijua pia. Mama mmoja na watoto wawili. Ndio mfano aliomfundishia Makoye siku ya kwanza, kwa vijiti, mavumbini, nyuma ya boma lake mwenyewe.

Kundi likawaka. Vikazaliwa vyama viwili, Tisa na Moja, na watu waliokuwa hawajasalimiana tangu kampeni wakajikuta chama kimoja. Jackson, anayevusha mizigo Sirari, aliandika: "Huku boda tunatumia BODMAS, answer ni moja, wachana na hiyo maneno bana." Mwenzake wa Sirari hiyo hiyo, na BODMAS hiyo hiyo, akamjibu: "Wee Jackson, D iko mbele ya M, ni tisa. Ulisomea wapi, kwa kondoo?" Mmoja akaleta picha ya simu inayosema 9. Mwingine akaleta picha ya kikokotoo cha shule kinachosema 1. Badala ya kushangaa kwamba mashine mbili zimetofautiana, kila chama kikasema mashine ya wenzao ni feki.

Saa sita mchana ikaingia taarifa ya msiba Ringwani. Chini yake mtu akaandika: "Poleni sana. Ila ni moja."

Hakuna aliyekuwa anatetea namba. Nilisoma ujumbe wote mia nne na kumi, sina kazi nyingine, na nakuambia hakuna. Kila mtu alikuwa anamtetea mwalimu wake wa darasa la tano, viboko alivyokula ili akariri, na miaka aliyoishi akiamini kwamba angalau hicho alikijua. Ukimwambia mtu shamba lake limeingia barabarani atakubali mjadiliane. Mwambie MAGAZIJUTO yake ina kasoro uone.

Mseti hakujibu sauti ya Makoye. Alisogeza chini, taratibu, kuona nani amecheka. Chini ya sauti hiyo palikuwa na vikaragosi arobaini vya kucheka machozi, na kidole gumba kimoja. Akakigusa kidole aone ni cha nani.

Akamwita mkewe.

"Mama Eunice."

"Abee."

"Hiki kidole ni chako?"

Elieth alikuwa anapepeta mtama. Hakunyanyua macho. "Kidole gani?"

"Hiki hapa. Kwa Makoye."

"Nilikuwa nasikiliza, kikabonyea."

"Kikabonyea."

"Simu yenyewe unaijua, imepasuka, ukigusa hapa inashika kule."

"Na kwangu mbona hakikubonyea?"

Elieth akaweka ungo chini. "Baba Eunice, mimi nimepika nyumba hii miaka ishirini na tisa. Nyama nusu kilo haijawahi kuwa kilo moja na nusu kwa kugawanywa. Sasa ungetaka nibonyeze nini?"

Mseti aliondoka na simu yake akaenda kukaa kwenye zizi. Ng'ombe hawakuwa na maoni.

Kufikia Jumatano alikuwa na jina jipya. Akipita njiani na plau: "Tisa! Habari za asubuhi, Tisa!" Dukani alinunua sabuni mbili, muuzaji akamuuliza kama anataka ampe moja ijizidishe yenyewe nyumbani. Na mzee mmoja, baada ya kupokea shikamoo yake kwa upole wote, akamwambia, "Marahaba, mwanangu. Ile mikate mitano na samaki wawili, kumbe mlikuwa wawili mnaojua."

Alhamisi, nyuma ya ng'ombe, katikati ya mtaro, Mseti alisimama. Jibu lilikuwa limemjia. Akafunga kamba kwenye plau, akaketi juu ya kisiki, akaandika kwa kidole chenye udongo: "Ndugu, chukueni ng'ombe sita wa kulima. Plau moja inavutwa na wawili. Sita gawanya kwa mbili, plau tatu. Kila plau ilime eka moja shamba la juu na eka mbili shamba la chini. Plau tatu mara eka tatu. Eka tisa. Hapo nani analia?"

Ilikuwa sahihi kabisa. Hesabu ile ile, alama zile zile, na jibu lake tisa, limesimama kwa miguu minne. Kama angeituma Jumatatu kabla ya mbavu, leo Makoye ndiye angeitwa Moja. Lakini watu walikwishacheka, na mtu aliyekwisha kucheka huwezi kumrudisha nyuma. Ujumbe ulisomwa na watu mia na tisini kasoro. Akajibu mmoja tu: "Kwa hiyo sasa tunakula plau?"

Jumamosi ilikuwa shughuli ya Mzee Nestory. Alikuwa ametoka hospitali salama, tumbo limeshonwa vizuri, akatoa dume la ng'ombe kumshukuru Mungu, na kuwaonyesha majirani waliokwisha kugawana shamba lake kwa mawazo. Wajomba wangetoka Ringwani, gari zima. Mseti alikuwa amekwisha kunoa kisu tangu wiki iliyopita. Ijumaa jioni Mzee Nestory alikuja mwenyewe, polepole, akishika tumbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mura. Hujambo?"

"Sijambo. Kesho nitafika saa mbili."

Mzee Nestory akaangalia kuku waliokuwa wanapita. Kuku walikwisha kupita, akaendelea kuangalia pale walipopita.

"Mseti, si kwamba mimi nina neno. Mimi hata hiyo hesabu sikuifungua, nilikuwa wodini. Ila wajomba wametuma ujumbe."

"Wamesema nini?"

"Wamesema watakuja na mizani."

Mseti akageuka akaangalia mlango wa nyumba, kilikokuwa kisu.

"Unaona," akasema mzee. "Mizani kwenye boma langu. Watu watasema Nestory amefungua bucha. Ndio nikaona, afadhali agawe mtu ambaye hawatamhesabia. Makoye, basi. Ni mwanafunzi wako, si mtu mbaya."

"Ni mwanafunzi wangu," Mseti alisema.

"Na... kisu." Mzee aliona haya kuliko mgonjwa anavyotakiwa kuona. "Cha Makoye ni cha jikoni."

Mseti aliingia ndani. Elieth, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote, akampisha. Mseti alitoka na kisu kimefungwa kwenye kitambaa, akampa mzee kwa mikono miwili.

Hapo ndipo unapoielewa kazi ya mgawa nyama. Hana cheti. Hana muhuri. Mtaji wake wote ni kwamba watu wakipokea, hawahesabu. Siku wakianza kuhesabu, hata akiwa sahihi, amekwisha.

Jumamosi Mseti alikwenda kama mgeni. Alivaa shati la kanisani, akaketi kwenye benchi la majirani, mikono juu ya magoti, haijui ifanye nini. Makoye alizunguka boma mara mbili, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande kidogo. Hata kule kuinamisha kichwa kulikuwa kwa Mseti.

Kabla ya kuanza, Makoye alipita mbele ya benchi. Ilibidi asimame.

"Kaka."

"Makoye."

"Nisamehe, sijakuona tangu Jumatatu. Lile jambo lilikuwa utani tu."

"Zile nyumba mbili nilikufundisha mimi."

"Ndiyo, kaka," akasema Makoye, kwa moyo mweupe kabisa, na huo ndio ubaya wake. "Ndiyo maana nilikuwa na uhakika."

Akaenda kukata.

Alikata vizuri. Siwezi kumsingizia. Paja likaenda kwa wajomba, kidari kikaenda kwa wazee. Wajomba walikuja na mizani kweli, imefungwa kwenye mfuko wa mbolea, wakaiweka chini ya meza kama bunduki. Ilipofika zamu ya mbavu, likashuka gari jingine, na ndani yake nyumba mbili ambazo hazikuwapo alipozunguka.

Makoye alisimama, kisu hewani. Alianza kukata kwa ukubwa ule ule. Mseti, kwenye benchi, alikuwa amekwisha kuzidisha. Kwa ukubwa ule nyumba ya mwisho ingekosa. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya mjomba aliyeshika mfuko wa mbolea.

Walikuwa na ishara yao, ya miaka kumi na moja. Ilikuwa kukohoa. Mara moja, kata kubwa zaidi. Mara mbili, kata ndogo.

Mseti aliangalia pembeni. Aliangalia mti. Aliangalia viatu vyake. Mke wake, toka kwenye masufuria, alikuwa anamwangalia yeye.

Akakohoa mara mbili.

Makoye hakugeuka. Kisu kikasogea nusu kidole, vipande vikapungua unene, na nyumba ya mwisho ikapata kama ya kwanza. Yule mjomba akageuza ubavu wake juu chini, akatafuta, akakosa. Mfuko wa mbolea haukufunguliwa. Pakawa kimya, kile kimya chenyewe, kisha mtu akapiga makofi, na Mzee Nestory akasema kwa sauti, akishika mshono wake, "Makoye! Huyu sasa ni mgawaji!"

Majirani waligawiwa baada ya nyumba zote za wageni. Mseti akapokea sahani yake. Juu yake palikuwa na ubavu mmoja.

"Moja!" akasema mtu nyuma, na benchi zima likacheka mpaka likayumba.

Mseti alicheka pia kidogo, kama mtu anayelipa nauli. Hakuwa anaangalia ubavu. Alikuwa anaangalia motoni, ambako Makoye alikuwa ameshachoma kipande cha nundu, kina mafuta, ukubwa wa kiganja. Alikuwa amezungukwa na vijana wanaompongeza. Alikishika kwa vidole viwili, akakipuliza kipoe. Hakutazama upande wa benchi. Alikiuma katikati, pale pale ambapo kisu kilikuwa kinapita kila mara, akamaliza na nusu ya pili, akajifuta.

Wiki iliyofuata nilimfuata Beatrice Mugumu, kibandani kwake, nimuulize jibu.

"Jibu gani?" akasema.

"La swali lako. Ni tisa au moja?"

"Mimi nitajuaje? Nimelitoa mahali nikalituma."

"Watu wamevuliwa visu, Beatrice."

"Sasa mimi ndiye nimewavua? Sikiliza. Jumapili nilituma tano jumlisha tano. Unajua walijibu wangapi? Mmoja, na aliandika Amina. Swali lenye jibu halina wateja. Hilo la mbavu mpaka leo wanaandika. Unataka vocha?"

Basi nikafanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza. Nikatafuta, nikasoma, nikauliza wanaojua. Nikarudi Nyambureti nimebeba haki mabegani. Nilimkuta Mseti zizini anakata kamba ya ndama kwa kisu cha jikoni, kibutu, akiisugua zaidi ya kuikata. Elieth alikuwa karibu, anakamua.

Nikasimama wima. Nikamtangazia kwamba swali lile limeandikwa vibaya kwa makusudi. Kwamba kati ya ile mbili na mabano kuna alama imefichwa, na vitabu vyenyewe havikubaliani nguvu yake: kuna wanaosema mbili imeshikana na mabano kama nyumba na watu wake, ndio wanaopata moja, kuna wanaosema gawanya kwanza kutoka kushoto, kama ng'ombe kwa plau, ndio wanaopata tisa. Kwamba mwandishi makini angeongeza mabano mengine na pasingekuwa na ugomvi. Kwamba mbavu za Makoye ni sahihi na plau za Mseti ni sahihi. Kwamba kwa hiyo, mbele ya umma wa Nyambureti, Ringwani na Mugumu, Mseti Waitara hana hatia, hakuwahi kuwa na hatia, na niko tayari kuliandika hilo kundini kwa herufi kubwa.

Elieth aliacha kukamua. "Unasikia, Baba Eunice? Hukukosea."

Mseti aliivuta kamba. Haikukatika. Akageuza kisu, akajaribu upande wa pili.

"Sawa," akasema. "Lakini kile kipande alikula peke yake."